Ulimwengu kwa Herufi: Marekani Kutoka A Hadi Z

Jina la Marekani husikika kila siku katika soko la Sigor, lakini wengi walitajao hulitaja kama jina la nchi ya hadithi: mahali pa mbali mno, penye majumba marefu na fedha tele, pasipohusiana hata kidogo na shamba la mahindi wala kikapu cha chai. Dhana hiyo si sahihi. Mambo mengi ya Marekani yalikwisha fika Bomet na Kericho zamani, mengine kwa heri na mengine kwa shari, na asiyeyajua huenda akapatwa na hasara ambayo mkulima wa ng'ambo aliipata kwanza, akaitafutia dawa.

Basi juma hili ukurasa huu wampa msomaji Marekani kwa utaratibu wa alfabeti, kama mtoto wa darasa la kwanza ajifunzavyo. Kiswahili hakitumii Q wala X, na C haitembei peke yake bali hufuatana na H. Kwa hiyo herufi ni 24.

A – AMERIKA. Bara hili halikupewa jina la Columbus, aliyelifikia mwaka wa 1492, bali la baharia Mwitalia, Amerigo Vespucci. Mwaka wa 1507 mchora ramani Mjerumani, Martin Waldseemüller, aliliandika jina hilo juu ya nchi mpya katika ramani yake, nalo likashika hata leo. Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki walilisikia kwa mabaharia wakalitamka Merikani, na baadaye Marekani. Nchi yenyewe ni muungano wa majimbo 50. Mawili ya mwisho, Alaska na Hawaii, yaliingia mwaka wa 1959.

B – BOSTON. Mji huu wapasa kujulikana na kila mkulima wa chai. Usiku wa tarehe 16 Desemba 1773 watu wa Boston walipanda merikebu tatu bandarini, wakatupa baharini makasha 342 ya chai. Si kwamba waliichukia chai, maana walikuwa wanywaji wakubwa. Walichokichukia ni ushuru uliowekwa juu yake na Bunge la London, ambamo wao hawakuwa na mjumbe hata mmoja. Chai ile ilitoka Uchina, kwa kuwa mashamba makubwa ya Kericho hayakuanza mpaka miaka ya 1920. Ugomvi uliendelea ukawa vita, na tarehe 4 Julai 1776 Wamarekani wakatangaza uhuru wao.

CH – CHARLESTON. Karibu na mji huu wa jimbo la South Carolina, katika kisiwa cha Wadmalaw, liko shamba la chai la ekari 127. Mgeni kutoka Kericho angeitambua mimea mara moja, lakini angeshangaa kukosa wachumaji. Chai huchumwa na mashine moja kubwa iliyoundwa kwa kuunganisha vyombo vya kuvunia tumbaku na pamba, kwa sababu mshahara wa kibarua huko ni mkubwa kupita bei ya majani. Jambo hili si mchezo kwa watu wa Kericho. Mwezi wa Mei 2023 palitokea machafuko huko, na mashine za kuchumia chai zikachomwa moto na watu walioona kazi zao zinachukuliwa. Wadmalaw haikupata ugomvi huo, maana mashine yao haikumwondoa mtu shambani. Hakukuwa na mtu wa kuajiriwa kwa bei hiyo. Mashine ni ileile, lakini shida ya kila nchi ni yake.

D – DOLA. Kiswahili kina dola mbili. Dola yenye maana ya serikali ilitoka kwa Waarabu. Dola ya fedha ilitoka kwa Wajerumani, waliokuwa na sarafu iliyoitwa taler, na Marekani ikaifanya fedha yake rasmi kwa sheria ya mwaka wa 1792. Mkulima aweza kudhani fedha hiyo haimhusu, lakini katika mnada wa chai wa Mombasa bei hutajwa kwa dola za Marekani. Kwa hiyo malipo ya majani yaliyochumwa leo hutegemea mambo mawili: bei ya chai yenyewe, na thamani ya shilingi mbele ya dola. Mwenye kusoma bei ya chai bila kusoma bei ya dola amesoma nusu ya habari.

E – EDMUND ROBERTS. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Portsmouth katika jimbo la New Hampshire, aliyetumwa na rais wake kufanya mapatano na wafalme wa mashariki. Mwezi wa Septemba 1833 alitia sahihi mkataba wa urafiki na biashara pamoja na Seyyid Said, Sultani wa Maskati na Zanzibar. Mkataba huo uliwapa Wamarekani ruhusa ya kununua na kuuza katika bandari za Sultani kwa ushuru wa asilimia 5. Waingereza wenyewe walipata mkataba wa biashara wa namna hiyo mwaka wa 1839, yaani miaka 6 baadaye.

F – FORD. Henry Ford, mwana wa mkulima wa Michigan, alitoa gari lake la Model T mwaka wa 1908. Hakuwa wa kwanza kutengeneza motakaa. Sifa yake ni kwamba mwaka wa 1913 aliacha kuwapeleka mafundi kwenye gari, akalipeleka gari kwa mafundi, likivutwa polepole, kila mtu akifunga kitu kimoja tu. Kazi ya saa 12 ikawa kazi ya saa moja na nusu hivi. Aliyepata kuingia kiwanda cha chai ameona jambo la namna hiyo: majani hunyaushwa, hukatwa, huachwa yageuke rangi, hukaushwa, kisha huchambuliwa, na kila hatua ina mtu wake.

G – GETTYSBURG. Katika mji huu mdogo wa Pennsylvania yalipiganwa mapigano makubwa ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwezi wa Julai 1863. Tarehe 19 Novemba mwaka huohuo makaburi ya askari yaliwekwa wakfu. Mzungumzaji wa kwanza, Edward Everett, alisema kwa muda wa saa mbili. Rais Abraham Lincoln alifuata, akasema kwa dakika mbili hivi, maneno yasiyozidi 300. Hotuba ya saa mbili imesahauliwa, na ile ya dakika mbili hufundishwa shuleni mpaka leo. Wazungumzaji wa barazani wana la kujifunza hapo.

H – HAWAII. Visiwa hivi viko katikati ya bahari ya Pasifiki, mbali na majimbo mengine. Mwaka wa 1959 kijana Mjaluo, Barack Obama, ambaye nyumbani kwao ni Nyang'oma Kogelo katika Siaya, aliingia Chuo Kikuu cha Hawaii. Mwanawe, aliyepewa jina hilohilo, alizaliwa Honolulu tarehe 4 Agosti 1961, na akawa Rais wa Marekani tangu Januari 2009 mpaka Januari 2017.

I – IOWA. Hili ndilo jimbo la mahindi. Mahindi yenyewe asili yake ni Amerika. Afrika haikuyajua kabla ya safari za Columbus. Katika Iowa, mwaka wa 1926, Henry Wallace alianzisha kampuni ya kuuza mbegu chotara, yaani mbegu itokanayo na kuzalisha pamoja mistari miwili ya mahindi iliyochaguliwa. Baadaye akawa Makamu wa Rais. Maarifa hayo ya uzalishaji yalifika Kitale, na mwaka wa 1964 wakulima wa Kenya walipata mbegu ya H611, ambayo mzazi wake mmoja alitoka nchi ya Ecuador. Anayepanda mbegu ya namba katika Chepalungu apanda matunda ya kazi hiyo.

J – JINZI. Suruali hii ivaliwayo na vijana siku ya soko ilianza kuwa nguo ya kazi. Jacob Davis, fundi cherehani wa Reno katika Nevada, alichoshwa na malalamiko ya vibarua ambao mifuko yao ilichanika, akaikaza pembe za mifuko kwa misumari midogo ya shaba. Hakuwa na fedha za kuandikisha uvumbuzi wake, akamwandikia barua Levi Strauss, mwuza vitambaa wa San Francisco. Hati ilitolewa kwa majina ya wote wawili tarehe 20 Mei 1873. Fundi maskini mwenye wazo jema amepata faida kwa kuandika barua moja.

K – KANSAS. Herufi hii yataka nafasi zaidi kuliko nyingine. Kansas ni jimbo la tambarare, katikati ya Marekani, lenye ngano na mahindi. Mwaka wa 1976 mahindi ya huko yalionekana na ugonjwa mpya. Majani yaligeuka manjano na kukauka kuanzia pembeni, mmea ukafa kabla ya wakati wake, na magunzi yakatoka madogo yasiyo na punje. Wataalamu waligundua ya kwamba si kijidudu kimoja kilichofanya hivyo, bali virusi vya namna mbili vikikutana ndani ya mmea mmoja. Kila kimoja peke yake hudhoofisha. Viwili pamoja huua.

Miaka 35 ilipita. Mwezi wa Septemba 2011 ugonjwa huohuo ulionekana kwa mara ya kwanza katika Kenya, na mahali ulipoonekana ni Longisa, katika Bomet, jirani na Sigor. Kuna mashamba ambayo hayakutoa hata debe. Katika miaka michache ukaenea Tanzania, Uganda, Rwanda na Ethiopia. Mkulima aliyeona mahindi yake yakikauka wakati mvua ingali ikinyesha alikuwa na haki ya kushangaa, na wengine walidhani ni uchawi au ni mbegu mbovu peke yake.

Lakini Kansas ilikwisha jifunza somo lililo kubwa: ugonjwa huu hustawi pale ambapo mahindi hupandwa juu ya mahindi, msimu baada ya msimu, pasipo kupumzisha ardhi. Wadudu wadogo wenye kufyonza na kutafuna majani huvitoa virusi katika shamba la zamani na kuvitia katika shamba jipya. Wenye kubadilisha mazao waliukata mnyororo huo. Wataalamu wa Kenya wametoa shauri lilelile: kupanda maharagwe, viazi au mboga badala ya mahindi kwa msimu mmoja au zaidi, kung'oa mimea yenye dalili mapema, kutumia mbegu iliyothibitishwa, na kutofautisha shamba bovu na zima, asitoke mtu katika lile akaingia katika hili na jembe lisilosafishwa. Mbegu zenye kustahimili ugonjwa nazo zimetolewa tangu wakati huo. Ni vigumu kumwambia mwenye watoto sita asipande mahindi, lakini ni vigumu zaidi kuvuna mabua.

Kansas ina jambo jingine. Mwaka wa 1960 msichana wa Nyeri, Wangari Muta, alifika chuo cha Mount St. Scholastica katika mji wa Atchison, akasoma elimu ya viumbe, akapata shahada mwaka wa 1964. Huyo ndiye Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha kazi ya kupanda miti ya Green Belt mwaka wa 1977, na kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka wa 2004.

L – LOS ANGELES. Katika Michezo ya Olimpiki ya mji huu, mwaka wa 1984, Kenya ilipata nishani moja tu ya dhahabu, nayo ililetwa na Julius Korir katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Kenya haikushiriki michezo ya 1976 wala ya 1980, kwa hiyo ilikuwa imekaa miaka 12 bila kukimbia Olimpiki. Njia yenyewe ilifunguliwa na mtu wa Kericho, Wilson Kiprugut Chumo, aliyepata nishani ya shaba Tokyo mwaka wa 1964, ya kwanza kupatikana na Mkenya yeyote.

M – MERIKANI. Wazee walijua merikani kuwa ni kitambaa kabla ya kujua kuwa ni nchi. Ni nguo ya pamba, nzito, isiyotiwa rangi, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na New Hampshire, na kuletwa Zanzibar na merikebu za mji wa Salem. Misafara iliichukua bara, ikawa kama fedha: kwa mikono kadhaa ya merikani mtu alinunua chakula, alilipa wapagazi, alipewa njia. Merikebu zilirudi na pembe za ndovu, karafuu, ngozi na sandarusi. Vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilikatiza pamba, na vitambaa vya Uingereza na Bombay vikachukua nafasi. Nguo yenyewe ilipungua, jina lake likabaki.

N – NEW YORK. Tarehe 30 Aprili 1840 merikebu ya Sultani iitwayo Sultana ilitia nanga New York. Aliyeisimamia ni Ahmad bin Na'aman, mjumbe wa kwanza wa Kiarabu kufika Marekani, na watu walijazana kumtazama. Sura yake ilichorwa na Edward Mooney, na picha ingalipo. Mwezi wa Septemba 1959 abiria wengine kutoka Afrika ya Mashariki walifika mji huohuo, safari hii kwa ndege: wanafunzi 81, waliopatiwa nafasi za masomo kwa juhudi za Tom Mboya na marafiki zake wa Marekani. Vijijini watu walichanga fedha kwa ajili yao, na mamia ya wengine walifuata mpaka mwaka wa 1963.

O – OHIO. Kutoka jimbo hili, katika mji wa Cleveland, Wakwekeri, waitwao pia Marafiki, walipanga kazi yao ya Afrika. Watu watatu, Willis Hotchkiss, Edgar Hole na Arthur Chilson, walifika Kaimosi mwaka wa 1902. Baadaye Hotchkiss alihamia Lumbwa, katika nchi ya Wakipsigis. Fikira yao ilikuwa kwamba mtu afundishwe kusoma na kazi za mikono pamoja.

P – PHILADELPHIA. Mama mmoja Mkwekeri wa mji huu, Anna Jeanes, alitoa dola milioni moja mwaka wa 1907 zisaidie shule za vijijini za watu weusi katika majimbo ya kusini. Walimu wake walitembea shule hata shule wakifundisha usafi, kilimo na ufundi. Mwaka wa 1925 shule ya kuwafunza walimu wa namna hiyo ilifunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, ikaitwa Jeanes School. Mwaka wa 1961 mahali pale pakawa chuo cha kuwafundisha maofisa wa serikali, na tangu 2012 ni Kenya School of Government. Karani apelekwaye Kabete kwa mafunzo akanyaga uwanja wenye jina la mama yule.

R – RHODE ISLAND. Ndilo jimbo dogo kuliko yote, lakini jina lake limeenea kwa sababu ya kuku. Kuku wekundu wa Rhode Island, wenye kutaga vizuri na kustahimili, walizalishwa huko katika karne ya 19, na mwaka wa 1954 jimbo likamfanya kuku huyo ndege wake rasmi. Katika Kenya watu wengi wamewachanganya na kuku wa kienyeji.

S – SPRINGFIELD. Katika Marekani miji yenye jina hili ni mingi. Springfield ya Illinois ndiyo alikokaa na alikozikwa Lincoln. Springfield ya Massachusetts ndiyo ambako James Naismith alibuni mpira wa kikapu mwezi wa Desemba 1891, akitundika vikapu vya matunda ukutani. Watu wa Sigor hawapaswi kucheka, kwa maana Kenya nayo ina Sigor mbili: moja ya Chepalungu katika Bomet, na nyingine ya Pokot Magharibi. Barua isiyoandikwa kwa uangalifu yaweza kupanda milima isiyo yake. Wamarekani walitengeneza namba za posta mwaka wa 1963. Vivyo hivyo mzazi aambiwaye kuwa mwanawe amepata nafasi ya masomo Springfield na aulize kwanza: Springfield ya jimbo gani, na chuo gani? Ayapate majibu hayo kwa maandishi kabla ya kuuza ng'ombe.

T – TENWEK. Hapa pako Bomet, si Marekani, lakini waliopaanzisha kuwa misheni katika miaka ya 1930 ni Wamarekani wa World Gospel Mission, ambayo makao yake yako Marion, katika Indiana. Zahanati ndogo ilikua ikawa hospitali. Mwaka wa 1959 alifika Dakta Ernest Steury, daktari wa kwanza kukaa pale daima, akatumika miaka mingi. Leo Tenwek hufundisha madaktari wapasuaji, na moyo wa mgonjwa hupasuliwa na kutengenezwa hapohapo.

U – UHURU. Hili ni jina la Kiswahili lililotolewa na Wamarekani. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, chombo cha angani kilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, lililojengwa na Waitalia. Wamarekani waliokitengeneza wakakiita Uhuru kwa heshima ya siku ile. Ndicho chombo cha kwanza kilichotumwa kwa kazi hiyo tu ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Mkuu wa uchunguzi huo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2002.

V – VIRGINIA. Waingereza walijenga Jamestown mwaka wa 1607, wakatajirika kwa tumbaku. Mwezi wa Agosti 1619 ililetwa huko jamaa ya Waafrika zaidi ya 20, waliotekwa Angola na kunyang'anywa kutoka jahazi la Kireno. Huo ndio mwanzo wa Waafrika katika makoloni ya Kiingereza ya Amerika ya Kaskazini. Utumwa haukukomeshwa kwa sheria katika nchi nzima mpaka mwaka wa 1865.

W – WASHINGTON. Mji mkuu, uliopewa jina la rais wa kwanza, haumo katika jimbo lolote. Kwa sababu hiyo wakazi wake hulipa kodi lakini hawana mbunge mwenye kura katika Kongresi. Tangu mwaka wa 2000 namba za motakaa zao huandikwa maneno ya kulalamikia kodi isiyo na uwakilishi. Ndilo lalamiko lilelile lililotupa chai baharini Boston.

Y – YELLOWSTONE. Mwaka wa 1872 nchi hii ya chemchemi za moto ilifanywa mbuga ya taifa, ya kwanza duniani. Kenya ilipata ya kwanza, ya Nairobi, mwaka wa 1946. Aliyeona maji yakiruka yakichemka kando ya ziwa Bogoria aweza kuifikiri Yellowstone bila kupanda ndege.

Z – ZANZIBAR. Alfabeti yamalizikia nyumbani. Mwaka wa 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, alifika Zanzibar kuwa balozi mdogo wa Marekani, kabla Uingereza haijamweka balozi wake huko. Na katika miaka ya 1960 hadi 1964 Wamarekani walikuwa na kituo kisiwani cha kusikiliza vyombo vyao vya angani vipitapo juu ya bahari ya Hindi.

Msomaji atakayewafundisha watoto herufi hizi asiwafundishe kuzikariri tu. Kila jina la mbali lina swali lake: watu wa huko walipatwa na nini, na walifanya nini? Kama katika Longisa wa 2011 pangalikuwapo mtu aliyejua habari ya Kansas ya 1976, baadhi ya magunia yaliyopotea huenda yangalikuwa ghalani. Majira ya kupanda yako karibu daima. Mwenye shamba lililozaa mahindi misimu mitatu mfululizo na alitazame leo, akaamue mapema ni kipande kipi kitakachopata maharagwe.